Kisu cha Kwenda Nacho Ukweni

Nimerudi peke yangu, kama mlivyoona, na tangu nishuke kwenye gari hamjaacha kuniuliza. Kaduma ameniuliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa bafuni. Basi nimeona niandike yote kwa mkupuo, mpeane hapa kambini msome, mniache nipumzike. Habari za tiketi na ruhusa ya kazini sitaziandika, maana mnazijua na hazina utamu. Nitaanzia pale mliponicheka.

Mafinga: begi na kisu

Mnakumbuka nilivyozunguka mnadani wiki nzima nikitafuta begi, ninyi mkisema nakwenda kuoa upya. Muuza mitumba alinitolea begi zuri kuliko yote niliyowahi kushika. Zipu nzima, mikanda minene, mifuko kila upande, kitambaa kizito kisichopitisha maji. Lilikuwa la kijani chenye madoadoa. Nikamwambia, ndugu yangu, hili nikilibeba nitashushwa kwenye basi kabla sijafika Iringa mjini, raia havai rangi za jeshi. Akanijibu bila haya, "Ligeuze la ndani liwe nje." Nikamwachia mwenyewe.

Ukweli ambao sikuwaambia ni kwamba sikuwa naogopa askari. Nilikuwa naogopa mtoto wa miaka tisa.

Wengi wenu mlinikuta kambini nikiwa nimeshafiwa na mke. Zuhura alikwenda kwao Sudi, pwani ya kusini, kujiuguza, akafia huko. Habari zilinikuta msituni tukipima mipaka, nikaondoka vilevile nilivyokuwa. Nilifika siku ya tatu, wameshamzika. Binti yetu Salma alikuwa na miaka mitano. Niliingia chumbani alimokuwa na buti zangu za kazi, koti la kijani, ndevu za mwezi mzima, na lile jisu langu jeusi lenye meno mgongoni likining'inia kiunoni. Kwa siku tatu watu walikuwa wakimnong'onea mtoto yule habari za mama yake, halafu mlango unafunguliwa, naingia mimi. Alipiga ukelele ambao naukumbuka mpaka leo. Akajichimbia uvunguni, akakumbatia mguu wa kitanda, na kila nilipoinama kumwita alikuwa hatazami uso wangu, anatazama kiuno.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, hakunifukuza. Alinishika mkono akanitoa nje, akasema, "Baba Salma, mtoto tumwache atulie. Utakuja akishatulia." Nikaondoka. Mtoto akatulia, ila mimi ndiye sikurudi. Mwaka wa kwanza nilisema kazi, wa pili nikasema mvua, wa tatu sikusema kitu, nilikuwa naogopa tu. Kwenye simu alikuwa ananiamkia vizuri, "Shikamoo, baba," nami naitikia marahaba, halafu nasikia simu inarudishwa kwa bibi yake. Wakishakata nilikuwa nabaki na simu sikioni kwa muda. Nilimtamani mwanangu mpaka nikawa naona aibu kumtaja.

Kwa hiyo safari hii ilikuwa na haja moja. Sikwenda kumchukua, kama mlivyodhani, sikuwa na uso wa kuomba hilo. Nilitaka anisogelee kwa miguu yake mwenyewe, bila kuitwa na bila kusukumwa mgongoni. Basi.

Nikachagua begi la njano, njano kweli kweli, ambalo mtu mzima analibeba akijua atachekwa. Buti niliziacha chini ya kitanda, nikavaa makubazi. Koti la mvua nikanunua la buluu. Kilichonishinda ni kisu. Ninyi wenyewe mnajua watu wa misitu hatutembei bila chuma, tunajihisi tumetoka uchi. Lile jeusi nililifungia sandukuni. Kaduma akanishauri nichukue cha kukunja, kile kinachofyatuka, eti kinakaa mfukoni hakionekani. Ndio ubaya wake huo. Kisu kilichofichwa, siku kikionekana, mwenye nacho anageuka jambazi palepale.

Mwishowe nilikwenda jikoni kwa mama ntilie wetu nikamwomba kile kidogo chake cha kumenyea viazi, chenye mpini wa mti uliofungwa waya. Nikakiviringisha kwenye kitambaa, nikakilaza juu kabisa ya begi pamoja na machungwa kumi na mawili. Hesabu yangu ilikuwa hivi: atakayefungua begi akutane na machungwa kwanza, kisu baadaye. Kisu kikiwa karibu na chakula hakihitaji kuelezwa. Nawaambia ninyi mnaotaka kwenda kutembea huko, lishikeni hilo, ndilo pekee nililopatia.

Kilwa Masoko: kumngoja shemeji

Kutoka Mafinga mpaka Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, nawarukia. Nilikula, nikalala, nikala.

Ukweni hakuendwi moja kwa moja, hasa ukweni ulikokukimbia. Ilinibidi nipitie kwa shemeji yangu Selemani, kaka wa marehemu Zuhura, anayefanya kazi kwenye mitambo ya gesi kisiwani Songo Songo na kuvuka kuja Masoko siku zake za mapumziko. Yeye ndiye wa kunitangulizia neno kwa mama yake, aseme shemeji anakuja, tena anakuja kwa heri. Tulipatana Jumamosi. Jumamosi bahari ikachafuka, boti za kisiwani hazikuvuka, zikawa zinaingia za karibu tu.

Nikakaa kwenye ukuta karibu na gati, begi langu la njano pembeni, nikawa nangoja. Asubuhi nilikula vitumbua vya mama mmoja, Bi Mwajuma, vitamu, vyenye iliki, na chai ya tangawizi inayochoma koo. Mchana nikala vitumbua tena. Nilikuwa na darubini ya kazini, ile ya kuangalizia moto, nikaitoa ili nizitazame boti zinazokuja, nimtafute Selemani. Nikaandika na kwenye daftari kila boti imeingia saa ngapi, nipate kujua ratiba. Mtu asiye na la kufanya hujitafutia kazi.

Jumapili mchana Bi Mwajuma akanijia, ameacha karai lake, nyuma yake wanaume wawili waliosimama kando kidogo. Kumbe mbali ya vitumbua yeye ndiye mjumbe wa mtaa ule.

"Mwanangu, umeshindaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeshiba?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Haya. Sasa nikuulize, wala usiudhike. Watu wananijia mmoja mmoja tangu jana. Wanasema, Bi Mwajuma, yule mgeni wako vipi? Yuko palepale, anatazama upande wa kisiwa kwenye gesi, akishatazama anaandika. Unaandika nini?"

Nilipotazama daftari langu kwa macho yao, niliona safu za saa na boti, na kwa kweli hata mimi ningemshitaki mwenye daftari lile. Nikafungua begi haraka kuonyesha sina baya, machungwa yakabingirika, kisu kikatoka kwenye kitambaa. Wale wanaume wakapiga hatua. Bi Mwajuma akakitazama mara moja tu.

"Hicho cha kumenyea hakina neno," akasema. "Mimi naulizia hiyo ya machoni."

Wiki nzima nimeumiza kichwa juu ya kisu, na darubini nimeitia begini bila hata kufikiri! Nikamweleza. Namngoja shemeji yangu Selemani, mtoto wa Bi Somoe wa Sudi, boti haivuki.

"Selemani?" akapiga kofi. "Si kila akivuka anakunywa chai hapa kwangu! Na wewe una mdomo wa kula tu, huna mdomo wa kusema?"

Wale wanaume wakacheka, tukashikana mikono. Nikafunga darubini kuirudisha begini, Bi Mwajuma akaidaka. Akaigeuza upande wa nyumba, akaguna, akasema, "Lo! Namwona jirani anaanua nguo, na kanga yangu imo humohumo." Wale wawili nao wakataka kuona. Niliipata darubini yangu alasiri.

Selemani alivuka Jumatatu. Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, na hatukuzungumza la maana mpaka tuliponawa. Amenenepa. Anacheka kama dada yake, anaanza na pumzi kwanza, nikajikuta natazama sahani ili nisimtazame.

"Shemeji, mama hana kinyongo," alisema. "Na Salma kakua, ana akili, bibi yake hafanyi kitu bila yeye. Lakini nisikufiche. Ukitajwa ana swali lake moja."

"Lipi?"

"Anauliza, bado anacho kile kisu?"

Nikamtolea kile cha machungwa, akakipima kiganjani.

"Kidogo," akasema. "Lakini ni kisu, shemeji. Ingekuwa mimi nisingekwenda na chuma hata cha kuchokolea meno."

Akapiga simu palepale, akamwambia mama yake nitafika Jumatano alasiri. Nilikuwa nimesogeza kichwa kusikiliza. Nyuma ya sauti ya Bi Somoe nilimsikia mtoto anaimba wimbo wa shuleni, hajui kama nasikia, na nikamwomba Selemani arefushe mazungumzo kidogo.

Mbwemkuru: fenesi

Jumanne, karibu na mto Mbwemkuru, magari yalikuwa yamepanga foleni. Mvua ilikuwa imekula kipande cha barabara na mtambo ulikuwa ukimwaga kifusi polepole. Dereva wetu akazima injini, akatandika mkeka chini ya mti wa pembeni, akalala. Tukajua hapo hapaondoki mtu mapema.

Wanawake wa kijiji cha jirani wakatokea na mabeseni ya ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Sikuwahi kuila. Unaivuta kwa meno, ngozi inabaki mkononi, na ladha yake ni ya kitu kilichokaa kimya ardhini. Nilikula mabunda mawili.

Nilikuwa nimekaa na mama mmoja wa Kimakonde, Mama Agnes, anarudi kwake Newala. Tangu Nangurukuru abiria walikuwa wakimlalamikia kwa fenesi lake lililoiva, linalonuka gari zima. Saa tatu za jua zilipopita, fenesi lile likaanza kunukia vizuri. Akalishusha, akaliweka kwenye nyasi, akauliza kwa sauti, "Nani ana kisu?"

Gari zima la watu wazima! Nina hakika watatu au wanne kati yetu tulikuwa navyo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitoa. Kila mmoja alimtazama jirani. Maneno ya Selemani yalikuwa bado mabichi masikioni mwangu. Halafu kitoto cha mtu kikaanza kulia njaa, nikaona huu sasa ni upuuzi. Nikafungua begi, nikagawa machungwa kwanza, kisha nikasema, "Ninacho kidogo, mama. Cha machungwa."

Watu wakacheka, nafikiri roho ziliwatua. Mama Agnes alikipaka mafuta kisishikwe na utomvu, akalivunja fenesi lile kama anafungua mlango wa kwake, na kisu kikaanza kutembea. Kikamenya machungwa, kikakata muwa, kikatoboa tundu kwenye mkanda wa mzee mmoja aliyekonda. Watu waliokuwa hawasemezani tangu asubuhi wakawa wanaitana shemeji na mjomba.

"Na wewe baba, unakwenda wapi na kisu cha jikoni?" aliniuliza.

"Ukweni."

"Ukweni na kisu!" Akageukia wenzake. "Jamani, huyu kadaiwa talaka?"

Walicheka sana. Mimi nikamweleza, sijui kwa nini yeye, maana ninyi nimekaa nanyi miaka na sikuwaambia. Nilimweleza uvungu wa kitanda, na macho ya mtoto yaliyokuwa kiunoni kwangu. Akaacha kutafuna. Alifuta kile kisu kwa kitenge chake, upande mmoja, kisha wa pili, akakitia kwenye kikapu chake.

"Hiki nakwenda nacho mimi," akasema. "Kikae Newala. Wewe nenda mikono mitupu."

Sikubisha. Nilimshukuru, na barabara ilipofunguka nikapanda basi mwepesi, nikiamini nimefanya jambo la busara kabisa: nakwenda kwa mwanangu bila chuma.

Lindi: namba ya kiatu

Jumatano asubuhi, Lindi, nilikunywa supu ya pweza, nikatafuta zawadi. Kanga za mama mkwe zilikuwa rahisi. Nikasimama kwenye meza ya viatu, nikashika vya ngozi vyeusi, vya shule.

"Vya wa miaka mingapi?" kijana muuzaji akaniuliza.

"Tisa."

"Anavaa namba ngapi?"

Nikakigeuza kiatu, nikatazama soli. Kijana akadhani sikusikia, akauliza tena. Nikaonyesha kwa vidole, urefu huu, nikaona ninaonyesha mguu wa mtoto wa miaka mitano. Nikaurefusha kidogo. Alikuwa na adabu, akasema wengi hawajui, na ninajua alikuwa anadanganya ili anisitiri. Sikununua. Nilikwenda nikasimama kando, nikalia kidogo nikijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Nikanunua kanga nyingine ndogo, kwa sababu kanga haina namba.

Pale niliposimama wanaume walikuwa wakipita kwenda mashambani, mapanga mikononi, mengine marefu kuliko mkono wangu, na hakuna aliyegeuka. Panga lenye udongo halimshtui mtu. Mmoja alipita na panga begani, nyuma yake binti yake mdogo kabeba ndoo kichwani, anamsimulia jambo refu, na baba anaitikia tu, mh, mh, wala hageuki. Nilimwonea wivu mtu yule. Hakujua kabisa ana nini nyuma yake.

Kutoka njia panda: mtu wa sindano

Niliteremka njia panda ya Sudi mapema kuliko nilivyotazamia. Madereva wa bodaboda walinizunguka, nikawaambia natembea. Pikipiki inafika na kelele, nami nilitaka kufika kimya. Na kusema kweli nilitaka safari irefuke.

Nilitembea vizuri, mikorosho pande zote, wanaonipita wananisalimia. Kwenye nyumba za kwanza nikamwona mtoto wa miaka mitano sita anachora chini na kijiti. Akainua macho, akaliona begi, akatupa kijiti.

"Mtu wa sindanooo!"

Sijawahi kuona watoto wanayeyuka namna ile. Waliotoka kila kona wakaingia kila mlango, mmoja akapanda mti. Mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni, anapekua kanga yake.

"Kadi ninayo," akaniambia, "lakini huyu keshachanjwa vyote, na mwaka jana homa ilimshika siku mbili kwa ajili yenu."

Wale wa chanjo waliopita mwezi uliotangulia, kumbe, walikuwa na masanduku ya njano hasa. Nilijaribu kueleza, lakini nikaishiwa nguvu. Nikakaa juu ya gogo. Nimeacha buti, nimeacha koti, nimegawa kisu, nimevaa rangi ya kitoto ili nisimtishe mtoto, na hawa wa watu wananikimbia hata sijafungua mdomo. Wangu je? Nilitazama barabara niliyotokea. Nawaambia kwa uwazi, nilifikiria kurudi.

Yule mama alinisoma. Akaniletea maji kwenye kikombe, akasubiri ninywe.

"Mgeni wa nani?"

"Wa Bi Somoe."

"Ah! Sasa mgeni wa Bi Somoe na mataa ya nini? Lifunike hilo begi, baba. Lifunge ndani ya shuka ubebe kama watu."

Nikatoa shuka langu, akanisaidia kufunga fundo. Nikalitupa begani likawa furushi. Yule wa juu ya mti akateremka, akanitazama, akarudi kwenye kijiti chake. Nilikuwa nimeshakuwa mtu yeyote anayepita.

Sudi

Saa tano na nusu nilikuwa naziona nyumba za Sudi. Walikuwa wananingojea alasiri. Nikaona nipumzike kwanza kwenye kivuli cha ukuta uliobomoka, nijipange maneno. Nilikuwa na maneno mengi. Niliyafanyia mazoezi tangu Mafinga.

Kwenye uchochoro akatoka msichana. Kuku amembana kwapani, mkono wa pili ameshika kisu.

Ninyi wa bara pengine hamjui, kwa hiyo nawaeleza. Kule mwanamke hachinji. Nyumba isiyo na mwanamume ikitaka kula kuku, mtoto hutumwa barabarani na kuku na kisu, asimame mpaka apite mwanamume Mwislamu, yeyote, amwombe. Hakuna anayemshangaa. Kisu kile ni cha kazi, na mpita njia hana jina, ni mkono tu wa kuchinja.

Nilimjua kabla hajafika. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili umeegemea goti, anatazama kushoto na kulia, na alikuwa amekunja kipaji cha uso cha Zuhura, kile cha kuona watu wanamchelewesha. Akaniona. Akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Wewe Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Naomba utuchinjie. Wanaume wote wako pwani, nimesimama mpaka kuku kachoka."

"Kuku wa nani, mwanangu?"

"Wa mgeni. Baba yangu anakuja alasiri."

"Anatoka wapi?"

"Mbali. Anakaa kwenye miti."

"Unamjua?"

Akafikiri, huku anamweka kuku sawa. "Nilimwona nikiwa mdogo. Alikuwa na kisu kikubwa, nikamwogopa. Bibi kasema sasa nimekua, nisimwogope."

"Utamwogopa?"

"Sijui," akasema, kisha akaona tunapoteza wakati. "Nishike miguu mimi? Wewe shika mabawa na kichwa."

Akageuza kisu, akanielekezea mpini.

Nilikipokea. Nilikuwa nimezunguka nusu ya nchi nikificha visu na kugawa visu, na mwanangu ndiye ananitia kisu mkononi, amesimama karibu nami hata nasikia harufu ya mafuta ya nazi kichwani mwake. Nikamuuliza kibla. Akaonyesha kwa kidevu. Tukachutama pamoja, uso kwa uso. Kisu nikakishikilia juu bila kukishusha, akaona.

"Kimenolewa, mjomba," akanituliza. "Usiogope."

Bismillahi, Allahu akbar. Tulimshikilia kuku mpaka akatulia, vichwa vyetu karibu vigusane. Kisha akasimama, akamshika miguu kuku wake, akachukua kisu chake.

"Ahsante, mjomba."

Akaondoka. Maneno yangu yote ya tangu Mafinga yakawa hayapo. Ningeweza kunyamaza, niende alasiri nikiwa nimenawa, anipokee kwa mpango. Sikuweza kuvumilia aende.

"Salma."

Akageuka. "Umenijuaje?"

"Mimi ndiye ninayekaa kwenye miti."

Akasimama. Macho yake yakashuka kiunoni kwangu, yakakaa hapo. Yakapanda usoni. Yakaenda kwa kuku, yakarudi tena kwangu. Nilikuwa nangoja ule ukelele.

"Mbona umekuja saa hizi?" akasema kwa hasira. "Mgeni hachinji kuku wake! Bibi atanisema mpaka mwaka uishe!"

"Mimi simwambii."

Akapima kama naaminika. Akatazama uchochoroni, akatazama kuku, akanisogelea mpaka karibu kabisa, akashusha sauti.

"Sikiliza. Kaa hapahapa, usiende popote. Nikishampa kuku ndipo uje, useme umefika sasa hivi."

"Sawa."

"Usiende."

"Siendi, mwanangu."

Akakimbia. Nikakaa ukutani kama nilivyoagizwa, nikiogopa hata kusogeza mguu. Nikamsikia anaita, "Bibi, kashachinjwa!" na Bi Somoe anauliza kachinja nani, na mtoto anajibu bila kusita, "Mtu tu, alikuwa anapita."

Kisha akatokea tena mbio, safari hii amebeba kopo la maji, yanamwagika njia nzima. Akasimama mbele yangu anahema.

"Lete mkono. Una damu."

Nikautoa. Akaumiminia maji, akausugua kwa vidole vyake, katikati ya vidole vyangu na pembeni ya kucha, anatazama nyuma asije bibi yake akatuona. Sikuwa naona vizuri. Alipoona umetakata akauachia.

"Na huo mwingine," akasema, akauchukua kabla sijautoa.